Kiti cha Pili

Chumba cha 9, Ghorofa ya Tatu,
Juu ya Duka la Vitabu,
Jumapili, 12 Oktoba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla sijagusa jambo lolote, naomba nijue habari za goti lako. Katika barua yako ya mwisho uliandika kwamba limepoa, lakini mwandiko ulikuwa umeinama kushoto, kama uinamavyo unapoandikia kitandani, na kwa hiyo sikuridhika. Niambie ukweli: siku hizi unapanda ngazi kwa mguu upi kwanza? Na yule jirani yako mstaafu, bado anakuazima gazeti baada ya kulijaza fumbo lote yeye mwenyewe?

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa sikio la kushoto, ambalo liliingia maji Jumatano na mpaka leo halijayatoa yote. Namna maji hayo yalivyoingia ni sehemu ya habari hii, na nitaieleza mahali pake.

Nina ombi moja. Nakufahamu, Shangazi: barua zangu huzisoma kuanzia mwisho, kama mtu anayeuliza kwanza nani kashinda ndipo akae kuutazama mchezo. Safari hii nakusihi uanzie juu na ushuke taratibu. Vilevile, fundi wako wa nguo usimwambie neno lolote mpaka umalize. Sijasahau ulichoniandikia mwaka jana, nilipokutangazia harusi kwa mara ya pili na kuiahirisha kwa mara ya pili: kwamba kitambaa cha gauni lako kipo sandukuni, na nondo wamekwisha kukivaa kabla yako.

Hali yangu hadi Agosti waijua, lakini acha niiandike ili tuanzie mahali pamoja. Mimi ni mkaguzi wa idara ya vipimo, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa na miezi kumi, ninayepima mizani za maduka, masoko na zahanati. Nina chumba kimoja na jiko, meza moja, kitanda kimoja na kiti kimoja. Mwenzangu, mchumba wangu yule fundi wa miwani, amekuwa akija chumbani humu kwa miaka mitano, na kwa miaka hiyo mitano amekuwa akikalia boksi la vitabu vyangu vya chuo, ambalo upande mmoja limebonyea kwa umbo lake. Sikuwahi kuona kasoro katika mpango huo. Kiti changu nilikichagua kwa makini, na sikuwa nimeona kingine kinachokifikia.

Wengi waliniuliza nangoja nini, nawe ukiwa wa kwanza. Jibu langu lilikuwa la kikazi. Katika miaka saba ya kukagua sijaona mizani iliyobaki sahihi milele. Zote huchoka, kila moja kwa namna yake, na ndiyo maana hati ya idara yetu hudumu miezi kumi na miwili tu. Sasa mtu wa kazi yangu anawezaje kusimama mbele za watu na kutoa hati ya maisha mazima? Nililiona swali hilo kuwa zito. Leo naona lilikuwa zito kama mlango ulivyo mzito kwa mtu aliyeuegemea kwa ndani.

Mwanzoni mwa Agosti kampuni ya mwenzangu ilimwandikia kwamba inafungua duka katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kutoka hapa, na ingependa yeye awe msimamizi. Jibu lilitakiwa kwa maandishi kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa ya tarehe 10 Oktoba. Aliiweka barua hiyo juu ya meza yangu akaniuliza ajibu nini. Nilimwambia kwamba uamuzi ni wake, na kwamba nisingependa kuuelemeza upande wowote. Niliyasema hayo nikijiona mwungwana. Alinitazama kama anavyowatazama wateja wanaodai wanaona vizuri huku wakizisoma herufi za ukutani kwa kubahatisha, akaikunja barua, akairudisha mkobani. Wiki iliyofuata alijiandikisha kujifunza kuogelea, kila Jumatano baada ya kazi.

Hapo ndipo alipoingia Pomboo. Ni mwalimu wa kuogelea. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, na kwa bahati mbaya linamfaa. Nilianza kumfahamu kwa masikio. Pomboo kasema pumzi haizuiwi, hutolewa. Pomboo kasema mwili wenyewe unajua kuelea, ni kichwa kinachoukataza. Pomboo kasema anayeshika ukingo hajifunzi. Siku moja ya Septemba, katika mlo mmoja wa mchana uliochukua dakika arobaini, alitajwa mara kumi na moja. Nilikuwa nahesabu kwa kukunja vidole chini ya meza, na ya kumi na moja ikanikosesha kidole.

Tangu siku hiyo nikawa naona wivu mahali ambapo zamani sikuona kitu. Kazi ya mwenzangu, Shangazi, ni kuwashika watu uso. Humkalisha mteja, humwinua kidevu kwa vidole viwili, humshika mashavu ili atulie, kisha hupima kwa rula ndogo umbali kati ya mboni moja na nyingine. Kwa miaka mitano nililiita jambo hilo ufundi. Sasa nilisimama nje ya kioo cha duka lake nikijifanya natazama fremu, kumbe namhesabia kila mteja sekunde alizoshikwa. Mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, mzee aliyepita miaka sabini, alishikwa mashavu kwa sekunde kumi na tisa. Nilimchukia mpaka Ijumaa.

Hata mdogo wangu hakusalimika moyoni mwangu. Binti niliyemfundisha mimi kusoma saa ana mume, ana viti sita, na kimoja kati ya hivyo hakina hata mtu wa kukikalia. Nilipokwenda kumtembelea nilikitazama kile kiti kisicho na mtu kwa hasira ambayo sikuweza kuieleza.

Watu huchanganya kijicho na wivu, na ni kosa. Kijicho ni kutamani kilicho mkononi mwa mwingine; wivu ni kuogopa kuporwa kilicho mkononi mwako. Nilijichunguza kwa uangalifu, nikakuta kwamba sina haki ya kimoja wala cha pili. Mkono wangu ulikuwa mtupu kwa hiari yangu mwenyewe, na bado nilikuwa nimeukunja ngumi.

Ofisini kwetu yuko karani anayetunza fomu, mama aliyebakiza miaka miwili kustaafu, ambaye huniita Bwana Gramu hata mbele ya wageni. Aliona kwamba nimeharibika, kwa sababu nilimrudishia kikombe chake bila kukiosha. Akaniuliza, nikamweleza kwa kifupi, naye akanikumbusha kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nikamjibu kwamba subira yavuta heri.

"Heri imeshavutwa, Bwana Gramu," akasema bila kuinua macho kwenye fomu zake. "Sasa hivi inaogelea."

Nilijitetea. Nilimwelezea habari ya hati, na miezi kumi na miwili, na mizani zinazochoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo kwake si desturi.

"Mimi watu hao nimewahudumia miaka thelathini," akasema. "Mwenye duka haleti mizani mpya kila mwaka. Analeta ileile."

Nikaenda kuosha kikombe.

Lau ningemsikiliza siku hiyo, barua hii ingekuwa fupi. Badala yake nilifanya jambo ninalokuandikia kwa aibu. Kwenye ukumbi wa kuingilia bwawa la kuogelea ipo mizani ya kupimia watu, na imo katika eneo langu. Ukaguzi wake ulipangwa Novemba. Niliurudisha nyuma hadi Jumatano ya tarehe 24 Septemba, na katika nafasi ya sababu nikaandika kwa mkono wangu: ukaguzi wa kushtukiza. Ulimshtua mtu mmoja tu, naye ni mkaguzi.

Utaratibu wetu hauna utata. Kwanza unaipangusa mizani. Pili unatazama pimamaji, yaani kile kioo kidogo chenye kipovu cha hewa kinachoonyesha kama mizani imekaa sawasawa au imeinama. Ndipo unapoweka mawe ya kupimia na kusoma sindano. Mstari wa pili wa fomu ni wa pimamaji, na mwanafunzi wa wiki ya kwanza haruhusiwi kuuruka. Mimi niliipangusa mizani, na nilipoinua kichwa macho yangu yakapita kwenye ukuta wa kioo unaotenganisha ukumbi na bwawa.

Mwenzangu alikuwa amelala chali juu ya maji. Pomboo alisimama kando yake, maji yakimfika kiunoni, viganja vyake viwili vikiwa chini ya mgongo wake. Na mwenzangu alikuwa amefumba macho. Shangazi, huyu ni mtu ambaye hajawahi kufumba macho mbele yangu hata kwa usingizi wa mchana. Husema namtazama kama mtu anayesubiri sindano itulie. Pale alikuwa ameyafumba kabisa, na uso wake umelainika kama uso wa mtu aliyefika nyumbani.

Niliweka mawe. Sindano ilisoma pungufu kwa gramu mia nne. Niliandika gramu mia nne, nikabandika kibandiko chekundu kinachokataza mizani isitumike, na nikapiga sahihi iliyonyooka kuliko kawaida yangu. Pomboo alitoka majini akichuruzika, akakisoma kibandiko, akaniuliza kwa adabu afanye nini, kisha akasema, asante kaka. Nilifurahi kwamba mimi nilikuwa mkavu na yeye kaloa. Furaha niliyokuwa nayo ilikuwa ya kiasi hicho. Lakini lile neno kaka nilitembea nalo njia nzima.

Mwenzangu alikuwa ameniona kupitia kioo. Kesho yake aliniuliza kama kweli ile mizani ilikuwa mbovu. Nilimjibu kwamba namba hazina upendeleo. Alitikisa kichwa kukubali, na baada ya hapo hakuja tena. Nilikaa kwenye kiti changu nikilitazama boksi, na ule upande uliobonyea ukaanza kuniudhi kama mtu anayenisema.

Jumatatu iliyopita Pomboo aliileta mizani ofisini, yeye na wanafunzi wake wawili wastaafu wakiibeba kama jeneza, pamoja na barua ya heshima akiomba ipimwe upya. Tuliiweka juu ya meza yetu ya jiwe. Ilikuwa sahihi. Niliirudia mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa sahihi kuliko mizani nyingi nilizozipitisha mwaka huu. Karani akaivuta fomu yangu ya tarehe 24, akaweka kidole juu ya mstari wa pili, na kidole kikabaki hapo. Mstari ulikuwa mtupu.

Sakafu ya ule ukumbi imejengwa ikiteremka ili maji yaende bombani. Mtoto angeliona hilo. Walioleta mizani pale kwanza walikuwa wameweka kipande cha ubao chini ya mguu mmoja ili kuisawazisha, na mimi, wakati wa kupangusa, nilikuwa nimekisukuma pembeni kwa kiatu nikidhani ni uchafu. Nimekagua mizani zaidi ya elfu moja na mia mbili, Shangazi. Hiyo ndiyo fomu pekee yenye mstari mtupu, na nilikuwa nimepiga sahihi chini yake.

Kanuni yetu ni kali, na kwa kiasi fulani niliitunga mimi: mkaguzi aliyekosea hukitoa kibandiko kwa mkono wake, palepale alipokibandika, na huwaeleza wanaoitumia mizani kosa lilikuwa la nani. Jumatano saa kumi na moja nikawa pale. Pomboo aliwaita wanafunzi wake. Walisimama ukumbini watu kumi hivi, wengi wao wastaafu, wakiwa wamejifunga mataulo. Mlango wa kioo ulikuwa wazi. Mwenzangu alibaki majini, mikono juu ya ukingo, kidevu juu ya mikono.

Nilikibandua kibandiko. Nilisema kwamba kosa halikuwa la mizani bali la mkaguzi, ambaye aliruka mstari wa pili. Mzee mmoja akataka kujua mtu wa serikali anarukaje mstari. Nilimjibu kwamba macho ya mkaguzi yalikuwa mahali pengine. Watu kumi wakageuka, wakatazama kule yalikokuwa macho hayo, na mama mmoja akasema, "Aa," kwa sauti ya mtu aliyemaliza fumbo la gazeti.

Walipotawanyika, Pomboo alinivuta kando. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa wema.

"Kaka, nikwambie ukweli," akasema. "Mwezi uliopita nilimwalika chakula cha mchana. Akasema ana mtu. Nikamuuliza huyo mtu yuko wapi, mbona simwoni? Akasema, anafikiri."

Niligeuka kumtafuta mwenzangu kwa macho, na nikaanza kumwendea moja kwa moja, nikipanga maneno, bila kutazama ninapokanyaga. Ukutani pameandikwa kina cha maji mahali nilipoangukia: mita moja na robo. Urefu wangu ni mita moja na sentimita sabini na nane. Kwa hesabu hapakuwa na hatari yoyote. Nilipiga kelele hata hivyo. Pomboo alinitoa kwa mkono mmoja, mkoba wangu wa mawe ya kupimia ukiwa bado begani mwangu, na ndipo sikio langu la kushoto lilipopata maji yake.

Nilikalishwa kwenye benchi nikiwa nimefunikwa taulo lililotariziwa jina la Pomboo kwa uzi wa buluu. Mwenzangu alitoka majini, akakaa kando yangu. Niligundua kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka mitano tumekaa sote wawili kimo kimoja.

Aliniuliza ni mstari gani niliouruka. Nikamwambia. Akauliza nilikuwa natazama nini hasa. Nikamwambia kwamba nilikuwa namtazama yeye, kafumba macho, mikononi mwa mtu mwingine.

"Kwa hiyo uliona wivu," akasema.

Nilikiri.

"Mwingi?"

"Gramu mia nne."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha kicheko kikaisha, na nikaona kwamba macho yake ni mekundu, na sikuweza kujua ni kwa dawa ya maji ya bwawa au ni kwa ajili yangu.

"Usiende," nikasema.

"Hiyo nusu, Mkaguzi. Mwezi wa nane ningeipokea hata nusu. Sasa nataka yote."

Nilifungua kinywa. Nilianza na maneno "kwa kadiri ninavyoweza kuona", naye akainua kiganja, akanizuia, kama awazuiavyo wateja wanaojitingisha. Akaniuliza kwangu kuna viti vingapi. Alijua jibu, alitaka lisemwe. Nikasema kimoja.

"Kanunue cha pili," akasema. "Ijumaa saa saba nitakuja. Nikikuta boksi, nitakuaga vizuri, na hatutagombana."

Alhamisi niliomba ruhusa kazini. Karani aliniruhusu kabla sijasema sababu. Katika duka la samani palikuwa na viti kumi na vinne, nami nilikuwa na futi ya kupimia mfukoni. Nilianza na cha kwanza: urefu wa miguu, pembe ya mgongo, uimara wa maungio. Nilipofika cha nane nilitoa daftari ili nilinganishe, kisha nikalifunga. Niliona miaka mitano yote imepita hivyo, nikilinganisha. Muuzaji alikuwa amekaa mlangoni akichokonoa meno. Nikamwambia nataka kile alichokalia. Akaniuliza kama natania, nikamwambia asimame.

Nilikibeba begani, na kwa makusudi nikapita nacho mbele ya duka la miwani. Mwenzangu alikuwa kamshika mteja mashavu. Aliniona, na mikono yake ikasahau kushuka. Mteja yule alishikwa kwa sekunde ishirini na mbili. Safari hii nilimchukia, lakini si sana.

Nilipokifikisha chumbani nikakiweka mbele ya meza, kikayumba. Mguu mmoja wa nyuma ni mfupi kuliko mingine. Mtu anayelipwa kugundua tofauti ya gramu moja alikuwa amenunua kiti kilichopinda, bila kukigeuza hata mara moja. Nilifikiria kukirudisha. Nilifikiria kuukata ule mguu wa pili wa nyuma usawa na huu. Kisha nikakumbuka kwamba mafikara ndiyo yaliyonifikisha hapa, nikakiacha.

Ijumaa alifika saa saba kamili akiwa na mkoba wake wa kazini. Kwa macho alilitafuta boksi, ambalo nilikuwa nimelisukuma chini ya kitanda. Alikaa kwenye kiti kipya. Kikayumba. Akakiyumbisha tena, makusudi, akanitazama.

Nilisema yote, Shangazi, na nakuandikia yalivyokuwa ingawa hayakupangika. Nilimwambia kwamba nataka tuoane. Kwamba sina hati ya kumpa ya maisha mazima, ila kila mwaka nitajileta mimi yuleyule nipimwe. Kwamba akitaka kwenda kule nimekwisha kuchukua fomu ya uhamisho kwa karani, maana mizani zipo kila mji. Kwamba niliogopa, na nikauita woga wangu uungwana, na nikamwacha akabebe peke yake swali lililokuwa letu sote. Hapo nikawa nimekwisha.

"Kule sikuwahi kutaka kwenda," akasema. "Chumba cha kusagia lenzi hakina hata dirisha. Nilitaka kuona kama yuko mtu atakayesikitika. Nikamwona mtu anapima."

Akafungua mkoba, akatoa ile barua ya kampuni. Nafasi ya sahihi ilikuwa bado tupu. Aliikunja mara mbili, akaipima unene kwa vidole kama apimavyo lenzi, akaikunja mara ya tatu. Halafu akainama, akainua kiti kidogo, akaiweka chini ya ule mguu mfupi. Akakaa. Akakiyumbisha mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakikutikisika.

"Imekaa sawa," akasema. "Jaza mstari wa pili."

Jibu lake la hapana kwa kampuni alilipeleka kwa mdomo saa tisa na nusu, kwa kuwa karatasi ilikuwa chini ya kiti, akarudi kazini.

Sitakudanganya kwamba wivu umekwisha. Jumatano ijayo ataogelea, na viganja vya Pomboo vitakuwepo majini kama kawaida. Tofauti ni kwamba nami nitakuwemo, upande wa pili, pamoja na wale wastaafu, kwa kuwa nimejiandikisha. Yule mzee aliyeuliza kuhusu mtu wa serikali ameniahidi kunifundisha kuachia ukingo, na nadhani ananingojea kwa hamu isiyo ya heri. Pomboo mwenyewe tumemwalika harusini. Amekubali haraka mno, na ameuliza kama kutakuwa na muziki. Nasikia pia anacheza vizuri. Utanisaidia, Shangazi: siku hiyo mkalishe mbali, na umtafutie mtu wa kuzungumza naye, tena mtu wa maneno mengi.

Tarehe tumeipanga pamoja: Jumamosi ya tarehe 6 Desemba, wiki moja kabla sijatimiza thelathini. Ulipokuwa na umri wangu ulikuwa umekwisha kulea watoto wawili ambao hukuwazaa, mimi nikiwa mmoja wao, na sijawahi kusikia kwamba uliomba muda wa kufikiri. Nilikuwa na miaka minne. Ulisogeza kitanda, ukaweka changu, basi. Nimekuwa nikiliwaza hilo siku hizi mbili. Mwambie fundi akate kitambaa. Kama nondo wamekila, nunua kingine, na rangi uchague bila kuniuliza.

Nisalimie mdogo wangu, mume wake na viti vyao sita. Mwambie kile kisicho na mtu asikitoe, tutakuja wawili. Nisalimie Bibi, na umsomee barua hii ukiruka pale nilipoanguka. Msalimie jirani yako mstaafu, mwambie akuachie walau mistari mitatu ya fumbo. Mwenzangu anakuamkia, na amenituma nikuulize umbali kati ya mboni zako, maana anasema miwani unayovaa katika ile picha ni ya mtu mwingine.

Mungu alinyooshe goti lako kwa ajili ya ngazi, na kwa ajili ya muziki huo wa Desemba. Akulinde njiani unapokuja, na siku hiyo ikukute hujachoka kuningoja.

Ni mimi mwanao,
akupendaye kuliko awezavyo kuandika,
Bwana Gramu

Tanbihi: Ikiwa umeanzia hapa licha ya ombi langu, jibu ni ndiyo. Sasa rudi juu, Shangazi, usome vizuri.